Kijiko cha Mlima

Mtaa mzima ulimwita Mama Kipimo, ingawa hakuwa na mtoto anayeitwa Kipimo. Jina alilipata kwa sababu ya kijiko. Kilikuwa kijiko cha chai cha kawaida, mpini umetobolewa na kutiwa kamba, kikining'inia kwenye msumari mlangoni mwa banda lake la kuku, na pembeni yake kisu butu. Dawa, chokaa, chumvi ya mboga, hata sukari ya chai ya mgeni, alichota kwa kijiko hicho kisha akapitisha kisu juu yake, na kilichozidi kikarudi kilikotoka. Kilichokatwa hivyo ndicho alichokubali kukiita kijiko. Kile kilichorundikwa mpaka kikaota kichuguu alikiita kijiko cha mlima, na alilitamka jina hilo kama wengine wanavyomtaja mlevi wa ukoo.

Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alishazoea. Aliwaambia wenzake karakana kuwa siku akifa, mkewe atasimama kaburini kuhakikisha udongo hauzidi. Wakacheka, naye akacheka, kisha jioni akarudi nyumbani kula chumvi iliyopimwa.

Jumatatu moja asubuhi Mama Kipimo aliingia bandani akakuta damu. Ilikuwa juu ya maranda, imechanganyika na kinyesi, hapa tone na pale dimbwi dogo. Kuku walikuwa wamejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, mabawa yameshuka, macho nusu wazi. Watatu walilala ubavu na hawakuhitaji tena kuangaliwa. Alikuwa nao mia mbili, kawalea tangu vifaranga wa siku moja, na miezi miwili hivi mbele yake aliona trei za mayai. Kabla ya kuku alikuwa anafua nguo za watu, tena miaka mingi, mpaka kucha zikawa laini kama maganda ya kitunguu. Kuku hawa wakiisha, anarudi kwenye beseni. Hilo alilijua bila kuambiwa na mtu.

Hata hivyo siku hiyo hakutetemeka. Kuhara damu alikuwa anakufahamu. Ni vijidudu vinavyokaa utumboni, huvioni kwa macho, lakini vina dawa yake. Unaichanganya kwenye maji ya kunywa siku tano mfululizo, na ikifika siku ya tatu kuku wanaanza kunyanyua vichwa. Kundi lake la kwanza lilipona hivyo hivyo. Akaenda kwa muuza dawa za mifugo, akanunua pakiti yenye muhuri, akarudi, akachota, akapitisha kisu, akakoroga ndooni na kugawa kwenye vyombo vyekundu vya kunyweshea. Kisha akaandika kwa chaki nyuma ya mlango: tatu.

Jumanne akaandika sita. Jumatano, tisa. Alhamisi, siku ambayo kuku walipaswa kuwa wanapigania pumba, akaandika kumi na moja, na chaki ikakatika mkononi.

Hapo shaka ikabisha hodi, na Mama Kipimo si mtu wa kuiacha shaka imesimama nje. Ameipima dawa, hilo halina mjadala. Ameibadilisha kila alfajiri. Vyombo kaviosha kwa mkono wake. Sasa kama kipimo ni sahihi na mkono ni safi, kosa liko kwa mwingine, na huyo mwingine lazima awe na sura.

Sura ya kwanza ilikuwa ya muuza dawa. Watu walimwita Dokta kwa sababu ya koti jeupe alilovaa, naye alichoka kuwasahihisha. Duka lake lilipakana ukuta na mashine ya kusaga nafaka, na mashine ile ilinguruma kutwa nzima hata chupa zikacheza kwenye rafu. Mama Kipimo akatoa kwenye kopo lake pakiti tupu ya mwaka jana, maana hakuwa mtu wa kutupa kitu, akailinganisha na ya sasa mbele ya dirisha. Akatazama muhuri, tarehe, unene wa karatasi, hata mstari mdogo chini ambao hakuna binadamu anayeusoma. Zilifanana kama pacha. Akanusa unga. Ulinuka vile vile. Hilo halikumtuliza hata kidogo. Dawa ikiwa feki kidogo unaitambua, ikiwa feki sana inafanana na ya kweli.

Ndipo akakumbuka Jumanne.

Jumanne alikuwa anatoka kununua maranda, gunia kichwani, akaona ng'ambo ya barabara wifi yake yuko dukani kwa Dokta. Dokta ameinama juu ya kaunta, mdomo karibu uguse sikio la mwanamke, kiganja kimekinga pembeni. Wifi anaitikia kwa kichwa. Kisha Dokta akampa kitu kilichofungwa kwenye karatasi, naye akakisunda kifuani na kuondoka upesi. Siku ile Mama Kipimo alicheka peke yake chini ya gunia. Alifikiri labda wifi kapata mchumba, na si vibaya. Leo, mbele ya ile kumi na moja ya chaki, kumbukumbu ile ile ilikuja imevaa nguo nyingine.

Wifi huyo alikuwa dada wa pekee wa fundi. Alifika miezi minne iliyopita akiwa na cherehani na mfuko mmoja, baada ya mumewe kuleta mwanamke mwingine nyumbani na kumwambia yeye asogee. Alisogea mpaka kwa kaka yake. Walimpa chumba cha uani kilichokuwa stoo. Alishona pindo na zipu za watu wa mtaani, alikula kidogo na kusema kidogo. Wiki yake ya pili aliingia bandani kusaidia, akachota pumba kwa kiganja na kuwarushia kuku kama anayepanda mbegu. Mama Kipimo alimkuta.

"Wifi, humu hakuna kiganja," alimwambia. "Humu kuna kijiko na kopo. Wewe shona, kuku niachie mimi."

"Nisamehe, wifi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alijibu yule, akicheka kidogo, na tangu hapo hakuukanyaga mlango ule. Hakuna aliyemuuliza kamba inambana wapi.

Ijumaa alfajiri Mama Kipimo alichanganya dawa kama kawaida. Alipotoka, alichukua majivu ya jikoni akayachekecha mlangoni mwa banda, tabaka jembamba, lililolala sawa. Akaaga kwa sauti ya kusikika mpaka uani kuwa anakwenda sokoni. Hakufika sokoni. Alikaa kwa saa nzima kwenye benchi la fundi viatu, ambaye alimuuliza mara mbili kama kuna kiatu cha kushona au anapumzisha tu miguu.

Aliporudi, majivu yalikuwa na alama ya ndala, kuingia na kutoka. Ndala ya kulia ilikuwa imelika kisigino upande wa nje. Mtu mwenye ndala kama hiyo nyumbani mle alikuwa mmoja.

Akaingia. Maji kwenye vyombo vyekundu hayakuonyesha kitu, lakini alipoyamimina kwenye bakuli jeupe yalikuwa na unjano, kidogo tu, na harufu tamu isiyo yake. Alisimama na bakuli lile mkononi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye siku zote alidhani wanasema juu ya chawa.

Akamwaga yote. Akaosha, akachanganya upya, akagawa. Kabla ya adhuhuri kufuli kubwa lilikuwa linaning'inia mlangoni mwa banda, na ufunguo shingoni mwake. Nyuma ya mlango aliandika: kumi.

Wifi alitokeza mchana, mkono mmoja nyuma ya mgongo, akasimama akilitazama kufuli.

"Umefunga, wifi?"

"Nimefunga."

"Wezi?"

"Wapo."

Wifi alitaka kusema neno. Akageuka na kurudi chumbani kwake, na mkono ule akauhamisha mbele alipokuwa anageuka, ili usionekane. Mama Kipimo aliyaona hayo yote na kuyaweka akilini moja moja.

Jumamosi wakafa kumi na wawili. Hao aliwahesabu kwenye deni la siku zilizopita. Siku hiyo hiyo, akipita uani, aliona koti jeupe la Dokta limetundikwa chumbani kwa wifi.

"Nabadilisha vifungo," wifi akasema kabla hajaulizwa, na anayejibu kabla ya kuulizwa ana jambo.

Jumapili wakafa watano. Jumatatu, mmoja. Waliobaki walikuwa wanatembea, wanaparura maranda, wawili wanagombania ganda la muhogo. Mama Kipimo alisimama mbele ya mlango akisoma chaki kutoka juu hadi chini: tatu, sita, tisa, kumi na moja, kumi, kufuli, kumi na mbili, tano, moja. Hesabu ilikuwa inazungumza, na ilikuwa inataja jina la mtu.

Wifi alipotoka kupeleka nguo ya mteja, Mama Kipimo aliingia chumbani kwake. Hajawahi kupekua chumba cha mtu maishani, na moyo ulimdunda kama vile mwizi ni yeye. Kitanda kimetandikwa. Ndoo ya nguo. Kwenye mtoto wa meza ya cherehani, chini ya tepu na chaki ya kushonea, alikuta kifuko cha plastiki kisicho na maandishi, ndani yake unga wa rangi ya chungwa, nusu yake umekwisha. Akakichukua.

Alikwenda nacho moja kwa moja karakana. Mume wake alinyanyua kinyago cha kuchomelea na kuuona uso wa mkewe, akazima mashine.

"Dada yako anaua kuku wangu," alisema Mama Kipimo.

"Mama, taratibu."

"Tangu nimefunga kufuli vifo vimepungua. Nimemkuta na hii. Anaingia nikitoka, anatia kwenye maji. Yeye na yule Dokta wana lao. Koti lake nimeliona chumbani kwake."

Fundi alikigeuza kifuko kwenye kiganja chake cheusi. "Lakini aue kwa nini? Kuku wamemkosea nini?"

"Mtu aliyebomokewa hapendi kuona kwa mwenzake panajengwa." Neno lilitoka likiwa kali kuliko alivyolikusudia, lakini hakulirudisha. "Leo aondoke. Asipoondoka yeye, nitaondoka mimi na kuku waliobaki."

"Hana pa kwenda."

"Mimi ninapo? Pa kwangu ni kwenye beseni la nguo za watu. Unataka nirudi huko?"

Fundi alikaa juu ya kipande cha bomba. Alikuwa mtu wa kucheka, na kumuona hacheki kulimtisha mkewe kidogo. Mwisho akasema, "Nitazungumza naye mchana huu." Akavaa kinyago chake tena, ingawa hakuwasha mashine.

Mama Kipimo alipaswa kurudi nyumbani. Lakini alitaka kujua sumu ile inaitwaje, maana kitu kisicho na jina hakipimiki. Akavuka barabara hadi kwa Dokta.

Mashine ya jirani ilikuwa inasaga kwa nguvu zake zote. Dokta alikuwa amevaa koti lake, vifungo vipya vinang'aa. Mama Kipimo akatupa kifuko juu ya kaunta.

"Hii ni sumu gani?" akapaza sauti.

"Nini?"

"Sumu! Sumu gani!"

Dokta akakifungua, akachovya kidole, akalamba. Mama Kipimo alirudi hatua moja nyuma. Yule bwana akamwinamia, akakinga kiganja, akaweka mdomo sikioni mwake, na Mama Kipimo akaona aibu ya kwanza ya siku hiyo, kwa sababu alielewa kwa nini Dokta huongea na wateja wake hivyo. Hakukuwa na namna nyingine ya kusikika.

"Hii vitamini, mama. Ya kuku. Nimempa wifi yako."

"Mwongo."

"Naipima kutoka kwenye lile kopo." Akaonyesha kopo kubwa kwenye rafu, lenye picha ya jogoo mwenye afya kuliko jogoo yeyote aliye hai. "Alikuja Jumanne. Alitaka kitu cha kuwapa nguvu kuku. Hakuwa na hela, nikamwambia anibadilishie vifungo na kushona mifuko. Akaniomba nisikwambie. Alisema hutaki aguse kuku, lakini unakonda kuliko kuku wenyewe."

Mama Kipimo alishika ukingo wa kaunta. Mashine ilikuwa inanguruma mpaka kwenye meno yake.

"Ulimwambia awape lini?"

"Nini?"

"Lini! Awape lini!"

Dokta akainama tena sikioni. "Nilimwambia wape wapone."

"Wape wapone?"

Dokta akatikisa kichwa kukataa. Akarudia, taratibu, kila silabi peke yake, na Mama Kipimo akasikia kile kile. "Wapone?" akauliza. Dokta akajaza pumzi kifuani. Wakati huo huo mteja wa jirani aliishiwa mahindi, mashine ikazimwa, na mtaa wote ukanyamaza ghafla.

"WAKIPONA!" Dokta akapiga ukelele kwenye ule ukimya.

Mtu wa baiskeli aligeuka kutazama. Msagaji akachungulia kutoka mlangoni kwake, nyusi nyeupe kwa unga, kuona nani anapona. Mama Kipimo hakugeuka. Alikuwa anaitazama ile silabi ndogo iliyopotea, *ki*, ndogo kuliko punje, na kuku waliopita katikati yake.

"Wakipona," akasema polepole.

"Ndiyo. Wakishapona. Zinawarudishia nguvu baada ya dawa." Dokta alianza kuogopa uso ule. "Yeye alianza kuwapa lini?"

"Bila shaka Jumanne hiyo hiyo. Kila siku mpaka Ijumaa."

Dokta alikaa kwenye kigoda chake. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, na ikawa kama mtu mwingine anayezungumza. Kijidudu kile, alisema, kinaishi kwa kunyonya vitamini tumboni mwa kuku, hasa moja. Dawa imetengenezwa ifanane na vitamini hiyo. Ni tapeli, mama, tapeli mwenye kazi njema. Kijidudu kinaibeba kikidhani ni chakula, kinakufa na njaa. Lakini ukimwaga vitamini ya kweli kwenye maji yale yale, kinaiacha ya uongo na kula ya kweli. "Kuku walikuwa wanakunywa dawa na chakula cha mdudu kwa pamoja. Nilipaswa kumuandikia. Kwa kelele hizi nilipaswa kumuandikia. Kosa ni langu."

"Na sasa?"

"Tangu ufunge, wanapata dawa peke yake. Hesabu siku tano kuanzia Ijumaa. Ya sita, hiyo keshokutwa, ndiyo uwape vitamini. Zinafaa sana. Wakipona," akaongeza kwa adabu.

Mama Kipimo alitembea kurudi nyumbani akiwa hana haraka, naye siku zote alikuwa na haraka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakukosea. Chaki haikudanganya, majivu hayakudanganya. Mkono wa wifi ndio uliowamaliza wale kuku. Alikuwa amepima kila kitu na kupata jibu sahihi, na jibu lilikuwa baya kuliko kosa. Akawaza jinsi wifi alivyojificha kama mwizi ili atende wema, kwa sababu wema wa wazi alikatazwa mlangoni, na aliyemkataza ni nani? Alijisikia vibaya mpaka akasimama kando ya barabara, akajifanya anafunga kiatu kisicho na kamba.

Na akiambiwa? Mwanamke aliyefukuzwa nyumba moja akija kuambiwa kwamba, katika nyumba iliyompokea, ameangamiza kuku hamsini na zaidi kwa mkono wake mwenyewe, atabaki? Mama Kipimo alimjua vya kutosha. Angesogea tena. Angesogea mpaka mahali pasipo na kaka.

Fundi alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha uani, kinyago kimesukumwa juu ya kichwa, amesahau kukivua.

"Nimemwambia," alisema bila kumtazama. "Hakubisha. Hakuuliza hata swali moja."

Ndani, kichwa cha cherehani kilikuwa kimeshafunguliwa kutoka kwenye meza yake na kuviringishwa kwenye blanketi. Mfuko ulikuwa ule ule mmoja. Wifi alikuwa anafunga kamba, mgongo ameupa mlango.

"Nipe dakika kumi, wifi," akasema. "Kamba hii fupi."

"Acha kamba."

"Sikutia sumu. Najua huamini. Nilitaka tu wapone."

Mama Kipimo akakaa kitandani, juu ya shuka iliyonyooshwa. Kifuko cha chungwa akakiweka magotini. "Nimetoka kwa Dokta. Kaniambia ni nini na umekipataje. Nimekukosea, wifi. Nimekuwaza ubaya, nimepekua vitu vyako, nimekusema kwa kaka yako. Naona aibu, wala sijui niiweke wapi."

Wifi aligeuka. Alikuwa amelia, lakini mapema, machozi yalishakauka. Alimwangalia, na sasa yeye ndiye akawa mwenye shaka, maana hajawahi kusikia neno la kuomba radhi kutoka kwenye mdomo ule.

"Basi kama si sumu," akauliza polepole, "wale waliokufa wameuawa na nini?"

Mama Kipimo alilitegemea swali hilo tangu barabarani, na bado lilimkuta hajajiandaa. Akatazama sakafu, ukuta, dirisha, na kupitia dirisha akaona banda, na mlangoni mwa banda kijiko kinaning'inia kwenye msumari wake, na kisu pembeni.

"Wameuawa na mimi," akasema. "Siku ya kwanza nilikuwa na haraka. Sikukata. Niliweka kijiko cha mlima."

Nje fundi alikohoa kama mtu aliyepaliwa.

"Wewe?" wifi akasema.

"Mimi."

"Wewe, kijiko cha mlima?"

"Binadamu huchoka. Dawa ikizidi nayo inaharibu. Nikaona vifo, nikatafuta wa kumlaumu, nikakupata wewe." Alisema yote bila kupepesa, na hata yeye alishangaa jinsi uongo unavyotoka laini ukiupanga vizuri. Kesho mtaa ungejua. Mume wake angecheka karakana mwaka mzima, na msagaji angemuuliza kila akipita kama leo kapima. Na waulize.

Akainuka, akachukua mkono wa wifi na kuweka kifuko ndani yake. "Hizi zako. Zitunze. Keshokutwa utaingia bandani uwape kwa mkono wako, nitakuonyesha kijiko. Dokta anasema zinafaa sana. Anasema wape wakipona."

Neno lilimtoka kamili, silabi zote, kwa sababu hakuwahi kujifunza kupunguza kitu. Alilisikia likitua na hakuweza tena kulizoa.

Vidole vya wifi vilisimama juu ya kifuko.

"Wakipona?"

"Wakipona."

Wifi akasogeza midomo bila sauti. Mama Kipimo aliona anasema maneno mawili, moja kisha jingine, akayarudia, kama mtu anayejaribu funguo mbili kwenye kufuli moja. Halafu akakaa chini taratibu, juu ya cherehani iliyofungwa kwenye blanketi, kifuko amekibana kifuani kwa mikono miwili. Akatazama dirishani, kule bandani, ambako kuku mmoja alikuwa analia kwa nguvu kama mwenye habari. Fundi huko nje hakukohoa tena.

"Wifi," akasema mwishowe, kwa sauti iliyokwaruza.

"Naam."

"Huo mlima. Ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

Mama Kipimo alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaanza kufungua fundo la kamba.

"Sikupima," akasema.